Mbegu Zilizokufa Kabla ya Adhuhuri

Mkono wa kulia wa Opiyo ulikuwa umevunjwa mahali patatu. Daktari wa wodi alimwambia Inspekta Zephaniah Mwachia waziwazi kwamba vidole viwili havitakunjika tena. Inspekta akavuta kiti, akakaa upande ule wenye mkono mzima, akafungua daftari.

"Waliokupiga unawajua?"

"Watano. Kwa majina." Opiyo alikuwa akitazama dari. "Mmoja nimekula kwake Krismasi. Huyo ndiye aliyeleta jembe."

"Nipe majina."

"Nitakupa, Afande. Lakini kwanza nijue wao walipewa jina langu na nani."

Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na moja Juni, mwaka 1979. Ijumaa iliyotangulia, Opiyo alifika Mbololo kwa pikipiki yake, amebeba jagi la barafu lenye mirija ya mbegu za fahali, kama alivyofanya kila Jumanne na Ijumaa kwa miaka mitatu. Wafugaji walikuwa wakimsubiri kwenye boma la kupandishia, lakini siku hiyo hawakuja na ng'ombe. Tangu mwezi Machi alikuwa amepandisha ng'ombe zaidi ya mia moja na hamsini, na karibu wote walikuwa wamerudi kwenye joto baada ya wiki tatu, tumbo tupu. Mama mmoja, Tryphena, alimrudisha ng'ombe wake mara nne. Ukame ulikuwa umewala wengine wote, na huyo ndiye aliyebaki. Sasa alikuwa amekauka maziwa na hana ndama. Tryphena ndiye aliyelia kwanza. Baada ya kilio chake wanaume waliichoma pikipiki, kisha wakamgeukia Opiyo mwenyewe.

"Wanasema ulikuwa ukiuza mbegu nzuri kwingine na kuwaletea maji," Inspekta alisema.

"Yawa! Ningeuza kwa nani?"

"Wanasema pia ulikuwa ukisimama Mwatate kunywa, jagi likipigwa na jua."

"Mwatate na Mbololo ni njia mbili tofauti, Afande. Wewe ni mtu wa hapa, unajua."

Inspekta alijua. Aliandika hivyo.

"Basi niambie wewe. Ni nini kiliharibika?"

Opiyo aliinua mkono wa kushoto, akasugua kidole gumba na cha shahada. "Ile dawa ilikuwa inashikana. Asubuhi nikipewa ni laini, kama maziwa ya chai. Nikifika Mbololo, saa tano hivi, nikivuta kwenye mrija naona vipande vipande. Kama maziwa yanayotaka kuganda."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Mama Jedidah, yule anayenifungia jagi. Akasema ni barafu imezidi, niweke kitambaa. Nikaweka kitambaa."

"Daktari Dinah hukumwambia?"

"Daktari ni mtu wa vioo vyake. Nikimpata, yuko na hadubini. Na akiangalia zile mbegu saa mbili asubuhi, zinaogelea vizuri kabisa. Mimi mwenyewe nimeziona."

Inspekta aliandika: *Saa mbili hai. Saa tano zimeganda.* Akapiga mstari chini yake.

Nje ya hospitali Land Rover ya kijani ilikuwa imeziba lango. Mwenye gari, Alexander Mwang'ombe, alikuwa ameegemea mlango wake, fimbo ya mpingo mkononi. Ranchi ya Masagha ilikuwa yake, na mafahali watatu waliotoa mbegu hizo walikuwa wake pia: Jemadari, Kanali na Meja, weupe wa aina ya Borani, waliowahi kushinda tuzo kwenye maonyesho ya kilimo ya Mombasa.

"Amekiri?" aliuliza.

"Hana la kukiri mpaka sasa, Mzee."

"Mjaluo yule amenunuliwa. Kuna watu wanataka mafahali wao ndio wachukuliwe." Alipiga fimbo chini. "Unajua nimeambiwa nini jana kanisani? Kanisani, Inspekta! Eti fahali wa Masagha ni kama mwenyewe, pembe ndefu, kazi hakuna. Mtu akanicheka mbele ya mchungaji. Mimi nikimpata aliyefanya hivi nitamchuna ngozi, nitaianika pale barabarani Miasenyi malori yaione."

"Utaniachia mimi, Mzee."

"Nakupa siku mbili."

"Sheria haina siku mbili."

"Mimi ninazo," alisema Alexander, akapanda gari.

*

Maabara ya Daktari Dinah Wakio ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya stesheni ya reli ya Voi. Treni ilipopita, chupa ziligongana kwenye rafu. Daktari alikuwa mwanamke wa Wundanyi, mwenye miaka thelathini na tano, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Kazi yake ya utafiti ilikuwa kutafuta njia ya kumjua fahali mzazi na fahali tasa bila kusubiri ndama wazaliwe. Alikuwa akiitafuta njia hiyo kwenye mafuta ya mbegu.

"Mafuta?" Inspekta aliuliza.

"Kila mbegu imevikwa ngozi nyembamba ya mafuta. Si aina moja, ni aina nyingi zimepangwa pamoja. Ngozi ikiwa nzima, mbegu inaogelea na kufika. Ikitoboka, imekufa." Alichukua kipande cha kioo kilichopakwa unga mweupe, kikubwa kama daftari la shule. "Natoa yale mafuta, naweka tone hapa chini, nasimamisha kioo kwenye dawa. Dawa inapanda na kuyabeba mafuta, kila aina inasimama mahali pake. Halafu nakitia kwenye chupa ya ayodini, moshi wake unayapaka rangi."

Kwenye kile kioo palikuwa na safu ya madoa ya kahawia, moja juu ya jingine, kama alama za vidole.

"Huyu ni Jemadari, tarehe nane Juni. Ninaye wa kila siku ya kazi tangu mwaka jana. Meja na Kanali vilevile. Mafahali hawa ni wazima, Inspekta. Ningeweza kuapa mahakamani."

"Umemwambia Mzee Alexander?"

"Nilijaribu mara mbili. Akanikatiza, akasema yeye hali mafuta, anataka ndama."

Inspekta alikizungusha kioo kuelekea dirishani. "Basi kama mbegu zinatoka zikiwa nzima, na saa mbili zinaogelea, zinauawa na nini kabla ya adhuhuri? Baridi? Jua?"

"Hayo niliyafikiria kwanza. Lakini baridi inaua papo hapo, na jua lingeua siku moja moja, si kila safari."

"Baada ya kuzitoa kwa fahali unazifanyia nini?"

"Nazichanganya na dawa ya kiini cha yai. Mafuta ya yai yanazikinga na baridi ya barafu. Bila yai hazifiki hata Mbololo."

"Na kioo hiki ni cha mbegu kabla ya yai au baada ya yai?"

Daktari alikitazama kioo. Treni ya mizigo ilipita, chupa zikagongana.

"Kabla," alisema hatimaye. "Yai lina mafuta yake, lingenichanganyia hesabu."

"Baada ya yai hujawahi kupima?"

"Sijawahi."

"Ungeweza?"

Alikwenda kwenye jokofu, akafungua sehemu ya barafu. Ndani kulikuwa na boksi la mbao lenye mirija midogo, kila mmoja na tarehe yake. "Opiyo akirudi jioni huniletea iliyobaki. Huwa naigandisha tu, mazoea ya shule. Sikujua nitaifanyia nini." Alihesabu kwa kidole. "Ishirini na tano tangu safari zianze kuharibika mwezi Machi. Nipe mpaka kesho asubuhi."

"Kuna jambo moja, Daktari. Usimwambie mtu. Hata Mzee Alexander asijue kwamba mafahali wamethibitishwa wazima. Aliyefanya hivi yuko karibu, sitaki akimbie."

"Atakasirika."

"Akasirike kwa siku moja. Haitamuua."

Daktari Dinah alikubali kwa kichwa. Inspekta alipokuwa akitoka, mama mmoja wa makamo aliyefunga kitambaa cheusi kichwani alikuwa nje kwenye bomba, anaosha chupa. Alimwinamia kwa heshima. Huyo alikuwa Jedidah, mfanyakazi wa maabara. Inspekta alimwitikia, akaenda zake.

*

Jumanne saa moja na nusu asubuhi vioo ishirini na tano vilikuwa vimepangwa mezani kwa tarehe. Macho ya Daktari yalikuwa mekundu.

"Angalia hapa," alisema. Hakusalimia. "Hili doa kubwa la juu ndilo mafuta ya yai yenyewe, yale yanayokinga. Karibu yameisha. Na hapa chini pana doa jingine ambalo halitakiwi kuwapo. Ni mafuta yaleyale, lakini yamekatwa. Yakikatwa yanageuka kama sabuni. Unajua sabuni inavyofanya mafuta?"

"Inayayeyusha."

"Ndivyo ilivyofanya ngozi za mbegu zangu. Polepole, kwa saa mbili tatu, ndani ya jagi, Opiyo akiwa njiani."

"Na nini kinachoyakata?"

Daktari aliketi. "Beberu."

Inspekta alidhani hakusikia vizuri.

"Mbuzi dume. Maji yanayotoka pamoja na mbegu za beberu yana kitu kinachokata mafuta ya yai. Wanaopandisha mbuzi wanajua, huwa wanaziosha mbegu kwanza. Ng'ombe hana kitu hicho kabisa. Mtu alikuwa akitia maji ya beberu kwenye dawa yangu. Matone machache tu yanatosha."

"Nani hapa Voi anajua jambo hilo?"

Alimtazama usoni. "Mimi. Niliandika juu yake nikiwa chuo. Kitabu chenyewe kiko pale kwenye rafu."

Inspekta alikwenda akakichukua. Kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya kaki, na kurasa za katikati zilikuwa na alama za vidole vyenye unyevu uliokauka. Alikirudisha.

"Kama ingekuwa wewe," alisema, "usingenipa vioo hivi."

Alirudi mezani, akavipitia vioo kimoja kimoja kwa penseli, bila kuvigusa. Doa la chini lilikuwapo tarehe kumi na tatu Machi. Kumi na sita Machi. Ishirini Machi. Alikwenda hivyo mpaka cha kumi na mbili, akasimama.

"Hiki hakina."

Daktari aliinama. Kioo cha Ijumaa, tarehe ishirini Aprili, kilikuwa na doa moja kubwa la juu, na chini palikuwa peupe.

"Nilidhani nimekosea tone," alisema. "Nimekirudia mara mbili."

Inspekta alifungua daftari la Opiyo la kupandisha, alilolipata kwenye mkoba uliookolewa motoni. Tarehe ishirini Aprili Opiyo alipandisha ng'ombe saba. Sita kati yao hawakurudi tena kwenye daftari.

"Sita wana mimba," alisema Daktari kwa sauti ya chini.

"Siku hiyo ni nani aliyetengeneza dawa ya yai?"

"Kwa kawaida ni Jedidah. Mimi alfajiri nakuwa Masagha natoa mbegu, nikirudi nakuta amemaliza." Alikuwa tayari amekamata daftari la mahudhurio, akifungua kurasa. Kidole kilisimama. "Aprili ishirini hakuja. Aliomba ruhusa. Nilitengeneza mwenyewe."

Mbele ya tarehe hiyo palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wake: *Amekwenda kaburini.*

"Kaburi la nani?"

"La mume wake. Kituku. Alikufa mwaka mmoja kabla hajaja kwangu, sijui zaidi ya hapo. Inspekta, huyu mama amekaa nami miaka miwili. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma vipimo. Akawa ananiuliza maswali mpaka nikamwazima vitabu."

Alilifunga daftari.

Kituoni, Inspekta Zephaniah aliwaamuru waliokuwa zamu wamletee vitabu vya ripoti vya miaka mitatu nyuma. Yeye, ingawa ni mzaliwa wa Taita, alikuwa amehamishiwa Voi miezi sita tu iliyopita, akitokea Mata, mpakani. Alianza na Aprili 1976, akarudi nyuma. Aliipata tarehe ishirini na tisa Februari. Mwandiko ulikuwa wa haraka:

*Jedidah mke wa Kituku, wa karibu na Miasenyi, ameripoti mbuzi 23 kupigwa risasi ndani ya Ranchi ya Masagha walipoingia kunywa maji. Mumewe kapigwa na askari wa ranchi. Mwenye ranchi amehojiwa kwa simu. Anasema ni wavamizi. Hakuna hatua zaidi.*

Mistari minne, na sahihi ya mtu ambaye alikwishastaafu. Inspekta aliinakili kwa mkono kwenye karatasi yake, neno kwa neno, akavaa kofia.

*

Jedidah alikuwa nyumbani, kwa sababu maabara ilikuwa imefungwa kwa wafanyakazi tangu jana yake jioni. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya reli, mahali ambapo mkonge unaanza. Alipowaona Inspekta na konstebo wake wakishuka, hakukimbia. Aliwatolea viti, akasimama.

"Mama, una mifugo?" Inspekta aliuliza.

"Ninaye mmoja."

"Naweza kumwona?"

Nyuma ya nyumba palikuwa na zizi dogo la miti ya mkonge. Ndani yake alisimama beberu mweusi mwenye ndevu, ananuka kutoka mbali. Inspekta alitazama huku na huku. Hapakuwa na jike hata mmoja.

"Beberu bila jike wa kazi gani?"

Jedidah alimtazama beberu.

Kwenye pembe ya zizi palikuwa na kitu kimefunikwa gunia. Konstebo alilivuta. Chini yake palikuwa na kigogo chenye miguu minne ya mbao, kimefungwa ngozi ya mbuzi jike kwa misumari. Kando yake kulikuwa na kipande cha mpira wa maji chenye mfuko wa mpira laini ndani, sawasawa na kile ambacho Daktari alikitumia kukusanyia mbegu za mafahali, ila kidogo. Inspekta alichuchumaa mbele ya ile ngozi. Begani palikuwa na tundu la mviringo, limekauka kingo.

"Risasi hii ni ya Februari mwaka sabini na sita," alisema.

"Huyo alikuwa akiitwa Mali," Jedidah alisema. "Alikuwa na watoto wawili tumboni."

Inspekta alisimama, akamsomea onyo la sheria: halazimiki kusema lolote, na atakalolisema litaandikwa. Jedidah alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi mbele ya nyumba, akakaa kwenye kile kiti alichowatolea wageni.

"Andika," alisema. "Ule mwaka mabwawa yote yalikauka. Ni Masagha tu walikuwa na maji, ya pampu. Mbuzi hawajui ranchi, waliingia. Mume wangu akawafuata awarudishe. Mzee Alexander akatoka na watu wake. Hakuwafukuza. Aliwafungia kwenye zizi lake la kuogeshea, akaagiza wapigwe mmoja mmoja. Kituku alifungwa kwenye nguzo aangalie. Akawa anawaita kwa majina. Askari wakamwambia nyamaza, hakunyamaza, wakampiga kifuani na kitako cha bunduki. Nilipofika nilikuta zizi limetulia. Mbuzi ishirini na tatu, na huwasikii hata mmoja. Wewe umewahi kusikia zizi lililonyamaza, Afande?"

"Sijawahi."

"Kituku alitapika damu mpaka Aprili. Tarehe ishirini akafa. Niliripoti kwenu. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nikaambiwa nikatafute kazi."

"Ukapata kwa Daktari."

"Sikuitafuta kwa ajili ya hilo. Naapa. Nilikuwa naosha chupa. Siku moja Daktari akarudi na mbegu, akasema hizi ni za Masagha. Chupa ikaniponyoka. Baadaye nikasoma kile kitabu. Nikakisoma mara nyingi mpaka nikakielewa. Mpaka nikajua kwamba mbuzi anaweza."

"Ulitaka nini hasa?"

"Jina lake. Mafahali wale ndio jina lake. Nilitaka watu wamcheke kila anapopita. Nilitaka azeeke anachekwa."

"Na Tryphena? Ng'ombe wake ni mmoja tu."

Jedidah alitazama mikono yake. "Nilikuwa najiambia ni mwezi mmoja tu zaidi. Kila mwezi."

"Na Opiyo?"

"Sikudhani watampiga. Nilidhani watamlaumu Mzee."

"Ulimwambia aweke kitambaa."

Alinyamaza kabisa hapo. Inspekta aliandika kwamba alinyamaza.

*

Saa tisa alasiri Alexander Mwang'ombe aliingia kituoni bila kubisha. Inspekta alikuwa amempigia simu ranchini saa sita, akaacha ujumbe kwa karani kwamba mhalifu amepatikana. Jedidah alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani akingoja kutia sahihi maelezo yake. Alexander alimpita kama mtu anayepita dirisha.

"Yuko wapi?"

"Kaa kwanza, Mzee. Kuna habari njema. Mafahali wako ni wazima. Daktari ana vioo vya mwaka mzima, hakuna fahali hata mmoja mwenye kasoro. Mbegu zilikuwa zikiharibiwa baada ya kutoka kwako."

Alexander hakukaa. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa furaha. Inspekta alishusha macho, akaona viatu vyake. Vilikuwa buti za ngozi, na kwenye ncha zake palikuwa na matone yaliyokauka, meusi meusi. Pindo la suruali pia. Bega la kulia la shati lake la kaki lilikuwa na alama ya mafuta ya bunduki, mahali kitako kinapoegemea.

"Mzee," alisema polepole. "Umefanya nini leo?"

"Wazima?"

"Wazima wote watatu."

"Mbona hukuniambia jana? Nilikukuta pale hospitali!"

"Jana asubuhi nilikuwa sijajua. Nilijua mchana." Inspekta aliacha kalamu. "Nikanyamaza makusudi ili mtu asikimbie. Nilikosea."

Alexander alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa. Fimbo ilimponyoka ikabingirika chini, hakuna aliyeiokota.

"Nimewaua leo asubuhi," alisema. "Mimi mwenyewe. Jemadari nilimlea kwa chupa, mama yake alikufa. Alikuja akaweka kichwa hapa." Aligusa kifua. "Nilisema afadhali nyama kuliko kuchekwa."

Kwenye benchi Jedidah aliinuka. Konstebo akasogea, lakini yeye hakupiga hatua.

"Ulitumia risasi ngapi?" aliuliza.

Hapo ndipo Alexander alipomtazama. Alimtazama kwa muda, akijaribu kukumbuka, na ilionekana wazi kwamba hakumbuki kitu.

"Huyu ni nani?"

"Mimi ni mke wa Kituku, na mimi ndiye uliyekuja kumtafuta. Mbuzi ishirini na tatu. Mmoja mlikosea shabaha, mkampiga mara mbili."

Mzee aliruka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Alimfikia shingoni kabla konstebo hajageuka, na ilichukua watu wawili kumbandua. Jedidah hakujitetea. Alikuwa akikohoa na huku bado anamwangalia.

"Nitakuua!" Alexander alipiga kelele. "Mbele yao nitakuua!"

"Umeshaua," Inspekta alisema. Alimsukuma kwenye kiti, akamwekea mkono begani mpaka akatulia. Kisha akafungua faili jipya, akaandika juu yake jina la Kituku, na chini yake tarehe ishirini Aprili 1976. "Nataka majina ya askari wako wa mwaka ule. Na nataka kujua nani aliyemfunga mtu kwenye nguzo."

"Hayo yalikwisha. Polisi walisema yamekwisha."

"Waliandika hakuna hatua zaidi. Hawakuandika yamekwisha. Majina."

"Nitamwona wakili wangu."

"Ni haki yako. Utamwona ukiwa hapa. Umemshika mtu koo ndani ya kituo changu, hiyo peke yake inatosha kukulaza."

Walikuwa bado katika hali hiyo, Alexander akihema, Jedidah akishika shingo, Inspekta akiandika, mlango ulipofunguliwa. Opiyo aliingia, mkono umefungwa plasta kutoka bega hadi vidole, muuguzi wa kiume akimshika kiuno. Alikuwa ameitwa aje atie sahihi kwenye maelezo yake. Konstebo mwingine alikuwa amekwishamweleza yote mchana, kitandani kwake, kwa hiyo hakuuliza kitu. Alimwangalia Mzee, kisha Jedidah.

"Mama," alisema. "Kila Jumanne na Ijumaa ulikuwa unanifungia jagi. Ukaniambia safari njema."

Jedidah alianza kulia. Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi.

"Nisamehe, mwanangu. Wewe hukuwa na kosa. Nitapiga magoti ukitaka..."

"Usipige magoti."

"Nisamehe tu."

"Sijaja kwa hilo," alisema Opiyo.

Aliketi mbele ya meza. Inspekta alimgeuzia karatasi, zile zenye majina matano ya Mbololo ambayo Opiyo alikuwa ameyatoa hospitali mchana ule. Opiyo alizisoma zote, taratibu, midomo ikitembea. Halafu akaomba kalamu.

"Naweza kukuandikia jina, wewe uweke dole gumba," alisema Inspekta.

"Nitaandika."

"Mkono huo hujauzoea."

"Nitauzoea. Ongeza jina lake kwanza," akaonyesha kwa kidevu, bila kumtazama Jedidah. "Liwe la sita."

Inspekta aliongeza. Opiyo akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akainama mpaka paji la uso likakaribia karatasi, akaanza kuchora herufi moja baada ya nyingine. Ilimchukua muda mrefu. Alipomaliza jina alilitazama, akaona halisomeki vizuri, akalikata, akaanza tena upya.